Nukta Mpya Angani: Hakiki Kabla ya Kutangaza

Mwezi wa tano na wa sita, mvua zikiisha Lubumbashi, anga hutakata. Umeme ukikatika Katuba au Ruashi, nyota hushuka hadi kwenye mabati. Jioni hizo, karibu na utosi, hupita M83, galaksi, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota, iliyo mbali nasi miaka ya nuru takriban milioni 15 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Tangu 1923, nyota sita zimeonekana zikilipuka ndani yake. Mlipuko huo ndio supernova, na mwanga wake huweza kushindana na wa galaksi nzima kwa majuma kadhaa.

Wanaozisaka si wataalamu peke yao. Robert Evans, mchungaji wa kanisa wa Australia, alikariri sura za mamia ya galaksi, akagundua supernova zaidi ya 40 kwa jicho na darubini tu. Septemba 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli wa Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya, akanasa mwanga wa kwanza kabisa wa nyota iliyolipuka katika galaksi ya NGC 613.

Vijana wanaotuletea picha hapa idarani huja na furaha ya nukta mpya ya mwanga ndani ya galaksi, wakidhani ni supernova, nami naipenda sana furaha hiyo. Lakini nukta nyingi hudanganya. Piga picha kadhaa usiku uleule: nukta iliyo katika picha moja tu huenda ni chembe ya mnururisho iliyogonga kamera. Inayobaki palepale kwenye fremu hata ukisogeza darubini ni pikseli mbovu, yaani kitone kilichoharibika cha kamera. Rudi baada ya saa moja au mbili. Ikiwa imehama kati ya nyota, hiyo ni asteroidi, jiwe linalozunguka Jua. Kisha fungua picha za zamani za galaksi hiyo, kwa maana tunaitazama kupitia nyota za galaksi yetu wenyewe, na moja yao huenda imekaa hapo siku zote. Mwisho, angalia orodha ya nukta zilizokwisha kuripotiwa, ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, pengine mwingine amewahi. Hata hapo bado ni mshukiwa, mpaka darubini kubwa zichambue rangi za mwanga wake.

Picha isiyo na kitu kipya usiifute. Iandikie tarehe na saa. Nyota ikilipuka kesho, picha yako ya leo itaonyesha kwamba jana yake nukta hiyo haikuwepo, na wanasayansi watapata umri wa mlipuko.