Dakika 200: sheria ya jimbo kuhusu elimu ya viungo maana yake nini

Ukiambiwa nchini Marekani "jimbo letu linalazimisha elimu ya viungo shuleni", bado hujaambiwa kitu. Uliza: dakika ngapi, ndani ya muda gani, kwa darasa la ngapi, na nini kinaruhusiwa kuhesabiwa. Hilo la mwisho ndilo lenye ugomvi.

Marekani haina sheria ya serikali kuu inayozilazimisha shule kufundisha somo hili. Elimu iko mikononi mwa majimbo, na serikali kuu hugusa pembeni tu: sheria ya lishe ya watoto ya mwaka 2004 ilizitaka wilaya za elimu zilizo kwenye mpango wa chakula cha mchana ziwe na sera ya siha yenye malengo ya mazoezi ya mwili. Malengo yenyewe wilaya hujipangia. Kwa hiyo meno, kama yapo, yako kwenye sheria ya jimbo.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Elimu ya viungo ni somo, lina mtaala, mwalimu na tathmini. Mazoezi ya mwili ni mwendo wowote unaoushughulisha mwili, iwe darasani, uwanjani au njiani kwenda shule. Mapumziko ni muda wa mtoto kucheza apendavyo. Mtoto anaweza kukimbizana mapumziko mazima asipate hata dakika moja ya somo, na anaweza kukaa dakika 30 za somo akielezwa kanuni za mpira wa wavu bila kutoka jasho.

Florida imeyatenganisha waziwazi: dakika 150 za somo kwa wiki kuanzia chekechea hadi darasa la tano, na tangu 2017 dakika 100 za mchezo huru kwa wiki, zikiwemo angalau 20 mfululizo kila siku. Hizi hazifidii zile. Texas imekwenda kwa njia nyingine. Sheria yake, kwa madarasa hayohayo, inataja uzito wa zoezi: dakika 30 kwa siku za mazoezi ya wastani au makali, au 135 kwa wiki pale ratiba ya kila siku inaposhindikana, na mapumziko yaliyopangiwa shughuli maalumu yanaweza kuingizwa kwenye hesabu. Majimbo mawili, na kila moja linaweza kudai lina "dakika 30", lakini si dakika za aina moja.

Namba inayotajwa sana ni ya California. Darasa la kwanza hadi la sita, shule itoe angalau dakika 200 za elimu ya viungo katika kila siku 10 za shule, bila kuhesabu mapumziko wala muda wa chakula. Darasa la saba hadi la 12 kwa kawaida ni dakika 400. Angalia maneno "siku 10 za shule". Si wiki mbili za kalenda. Jumatatu ikiwa sikukuu, siku ya kumi inasogea mbele, deni la dakika linabaki palepale. Wastani ni dakika 20 kwa siku, ila shule haibanwi kuzigawa hivyo. Vipindi vitano vya dakika 40 vinatosha, hata vinne vya 50.

Kuna wilaya zilizoichukulia namba hiyo kama ushauri mwema. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya California, katika shauri dhidi ya wilaya ya elimu ya Albany, iliamua kwamba 200 ni kiwango cha chini cha lazima na kwamba wilaya inaweza kushurutishwa kukitimiza. 

Dakika hupotelea wapi? Shule za msingi nyingi somo hili hufundishwa na mwalimu wa darasa mwenyewe, naye akibanwa na hesabu na kusoma, linaloliwa kwanza ni hili. Mvua hunyesha na ukumbi ndio uleule wa kulia chakula. Mtoto huitwa nje kwa masomo ya ziada, au huwekwa kando kama adhabu, na kwenye ratiba kipindi chake kinabaki kamili.

Wizi mkubwa zaidi umo ndani ya kipindi chenyewe. Chukua mbio za kupokezana vijiti: timu ya watoto 10, kila mmoja anakimbia sekunde 15. Anakimbia 15, anasimama kwenye foleni sekunde 135. Katika dakika 20 amekimbia dakika mbili tu. Gawa darasa watatu watatu, kila mmoja anapata dakika 6 na sekunde 40. Haikuongezwa dakika hata moja, zimeongezwa vijiti na koni chache. Kipimo cha uwanjani cha zoezi la wastani ni rahisi: mtoto anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Anayeimba kwenye foleni hafanyi zoezi.

Ukubwa wa darasa nao una uzito. Texas inaitaka wilaya yenye zaidi ya wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika somo hili ieleze italindaje usalama wao. Haikatazi, inadai maelezo tu.

Halafu kuna ubadilishaji, yaani shughuli nyingine kupewa hadhi ya somo. Sekondari za Texas, bendi ya gwaride au mafunzo ya awali ya kijeshi vinaweza kuhesabiwa badala ya elimu ya viungo. Mpiga tarumbeta anayetembea kwa saa nzima ana hoja; msimu wa gwaride ukiisha na bendi ikakaa vitini, hoja inapungua.

Mzazi aliye California anaweza kukagua mwenyewe. Omba ratiba ya darasa, chagua siku 10 za shule zilizofuatana, usihesabu mapumziko, chakula wala vipindi vilivyofutwa, kisha jumlisha dakika za somo zilizobaki. Ikiwa chini ya 200 kwa darasa la kwanza hadi la sita, anza na mwalimu mkuu. Asiposaidia, peleka malalamiko ya maandishi wilayani kupitia utaratibu wa malalamiko wa jimbo, ukiambatisha tarehe na dakika, si "hawachezi vya kutosha". Kwa kawaida wilaya ina siku 60 kuchunguza na kutoa uamuzi kwa maandishi.