Usiniulize Hp, Tazama Fensi

Kila anayetaka kununua msumeno wa meza anaanza na swali lilelile: "Una hp ngapi?", yaani mota yake ina nguvu za farasi ngapi. Akisikia tano, anatoa pesa. Akisikia mbili, anaondoka. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, sasa naliandika.

Hp 2 na bledi kali ya inchi 10 zinapasua mninga wa inchi mbili vizuri, mradi usiusukume kwa pupa. Hp 5 kwa kawaida zinadai umeme wa fezi tatu, na karakana nyingi za mtaani hazina. Unapasua mikongo kutwa nzima? Chukua kubwa. Unatengeneza makabati ya plaiwudi na MDF, zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa? Chukua ndogo, na chenji inunue bledi ya pili: meno 24 ya kupasulia, meno 60 hadi 80 ya plaiwudi na ya kukatisha nyuzi. Meza iwe ya chuma cha kusubu au alumini, mimi naangalia tu kama imenyooka.

Fensi, ule mwongozo mrefu wa pembeni ambao ubao unaegemea ukisukumwa, ndiyo mnayoipuuza, na ndiyo inayoumiza watu. Ikibana upande wa nyuma hata kwa milimita moja, inausukumia ubao kwenye meno ya nyuma, yale yanayopanda. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda mita 53 kwa sekunde. Ubao ukinaswa pale unarudi kwako, na mkono wako unaweza kuvutwa kwenye bledi. Kwa hiyo pimeni dukani. Chomoa waya, inua bledi, tia alama jino moja, pima kutoka jino hilo hadi kwenye fensi. Zungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, pima tena. Fungua fensi, ifunge, rudia. Vipimo vikicheza kila ukifunga, iache hapo hapo, hata iwe na hp 10.

Halafu lile bati linalosimama nyuma ya bledi. Mkaratusi wa Mufindi ukipasuliwa hujikunja, pande mbili zikaibana bledi. Bati hilo ndilo linaloziachanisha. Liwe nene kuliko mwili wa bledi, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Mafundi wanalitoa siku ya kwanza wakisema linasumbua. Linasumbua kwa sababu wamenunua lisilopanda na kushuka pamoja na bledi, basi likawazuia kuchimba mifereji. Ulizeni hilo kabla ya hp!

Jambo moja bado linanitia shaka: bledi nyembamba, za milimita 2.4 hivi badala ya 3.2. Zinasifiwa kwamba hazichoshi mota ndogo, na ni kweli. Kwenye msonobari nazitumia bila wasiwasi. Lakini kwenye mkongo mnene zinapata moto, zinayumba, na mkato unatoka umepinda. Hapo narudi kwenye bledi nene na kusukuma polepole.

Ukienda kutazama mashine ya mtumba, beba rula ya chuma na skwea. Muuzaji akikukataza kupima, usinunue.