Tairi likitokeza nje ya fenda: pima gari likiwa na mzigo

Mteja akishabadilisha rimu huja na swali moja: "Fundi, hapa kwenye ukaguzi napita?" Anataka nitazame kama tairi limetokeza nje ya fenda. Sawa, hilo linatazamwa. Ila gari lisilo na mtu, lililonyooshwa usukani, linaficha mengi. Lipandishe kilima cha Bugando, Mwanza, na abiria wanne, kata kona mpaka mwisho wa stelingi, ndipo tairi litaonyesha kama lina nafasi.

Dukani watu huuliza inchi na bei. Namba ya kuuliza ni ET, imechorwa kwenye rimu yenyewe. Ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi sehemu inayokaa kwenye habu, yaani kitako cha gari rimu inapofungwa. Namba ikipungua, tairi linatoka nje. Mfano, umetoa rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45, ukafunga ya inchi 8 yenye ET30. Upana umezidi inchi 2, nusu kila upande, yaani milimita 25.4. Jumlisha 15 za tofauti ya ET: ukingo wa nje umesogea milimita 40.4. Wa ndani nao umeingia 10.4 (25.4 ukitoa 15), kuelekea shokapu na mpira wa breki. Mimi huku ndani ndiko kunakonitisha. Fenda ikikwanguliwa utasikia. Mpira wa breki unasagika kimyakimya.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, hupima kwa pembe: kutoka katikati ya gurudumu, nyuzi 30 mbele na 50 nyuma ya mstari wa wima. Eneo hilo lazima lifunikwe na fenda. Tangu Juni 2017 mbavu za tairi la gari dogo zinaruhusiwa kuzidi, ila kwa chini ya milimita 10. Rimu na nati haziruhusiwi kutokeza hata kidogo. Naikubali hesabu hiyo, maana kokoto inayorushwa na tairi lililo wazi humkuta bodaboda aliye nyuma yako.

Kipimo changu ni chaki. Paka mabega ya matairi yote, jaza watu, zunguka polepole usukani ukiwa mwisho, kulia na kushoto, kisha pita kwenye tuta. Chungulia ndani ya fenda. Chaki ikionekana kwenye plastiki, tairi limegusa. Na usidharau tairi "linalofanana": lenye saizi 205/65R15 limezidi la 195/65R15 kwa kipenyo cha milimita 13, kwa hiyo juu umepoteza nafasi ya milimita 6.5.

Spesa, zile sahani zinazowekwa kati ya rimu na habu kusogeza tairi nje? Sizipendi, lakini zikifungwa, hesabu mizunguko ya nati. Stadi (bolti inayoshika nati) ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, yaani nati husogea milimita 1.5 kila mzunguko, kama za Toyota nyingi, nataka nati izunguke angalau mara 8 kabla ya kukaza. Ikikaza kabla ya hapo, spesa inatoka.