Kaboni ya Kwenye Mkaa Ilitoka Wapi?

Mkazi wa Mbagala anayenunua mkaa wa kopo asubuhi, akabaki na weusi wa chenga vidoleni, ameshika kitu ambacho sehemu yake kubwa ni kaboni, elementi ileile inayochukua takribani asilimia 18 ya uzito wa mwili wake. Mti uliochomwa tanurini uliivuta kaboni hiyo kutoka hewani, haukuiumba. Wala Dunia haikuiumba. Ilipikwa ndani ya nyota.

Mapishi yenyewe ni magumu kuliko watu wanavyodhani. Nyota kubwa inapomaliza haidrojeni ya katikati yake, joto la huko hupanda hadi nyuzi milioni 100 hivi, na viini vya heliamu, yaani vitovu vya atomi zake, huanza kuungana. Viwili vikiungana hupatikana kiini cha elementi nyingine, beriliamu-8, ambacho huvunjika kabla hata ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde kupita. Kwa hiyo kiini cha tatu hakina budi kuwahi ndani ya muda huo ili kaboni ipatikane. Kwa mgongano wa kawaida tu, kaboni ingekuwa adimu mno.

Mwaka 1953 mwanafizikia Mwingereza Fred Hoyle alianzia mwisho: maadamu kaboni ipo kwa wingi, basi kiini chake lazima kiwe na ngazi ya nishati, yaani kiwango maalumu cha nishati ambacho kiini kinaweza kuwa nacho, inayolingana na ile ya viini vinavyokutana, jinsi pembea inavyopaa ikisukumwa kwa wakati wake. Aliwapelekea hoja hiyo wataalamu wa maabara huko California, akiwamo William Fowler, ambao mwanzoni waliitilia shaka. Walipopima, ngazi hiyo ilikuwapo, kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati ndogo za atomi) milioni 7.65 hivi.

La kunistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni oksijeni. Kaboni ikiungana na heliamu nyingine hugeuka oksijeni, nayo oksijeni ina ngazi yake, ila imekaa chini kidogo tu ya nishati inayohitajika. Laiti ingekuwa juu kidogo, karibu kaboni yote ingeishia kuwa oksijeni. Ngazi zote hizo huamuliwa na mvutano kati ya nguvu ya nyuklia inayobana protoni na neutroni pamoja, na nguvu ya umeme inayozisukuma protoni zitengane.

Jua letu bado linaunguza haidrojeni, na litaanza kupika kaboni baada ya miaka ipatayo bilioni 5 au zaidi. Kaboni iliyomo jikoni leo ni ya nyota zilizokwisha kabla Jua halijazaliwa.