Je, wajua kwa nini bidhaa mpya hupitishwa kwenye milango ya ukaguzi kabla ya kufika dukani?

Jirani yangu wa Tabata alianza biashara ya juisi ya ukwaju kwa kununua lebo. Lebo 5,000 za rangi, alizochapisha Kariakoo kwa sababu ukiagiza nyingi bei hushuka. Chupa 40 za kwanza akampelekea mangi, mwenye duka wa mtaani. Siku ya nne zilikuwa zimefura kama mipira, na mbili zilirusha vifuniko usiku.

Vijidudu vya jamii ya hamira vilikuwa vimekula sukari na kutoa gesi, na joto la Dar likavichochea. Ukali wa ukwaju huzuia bakteria wengi, ila hamira haitishiki nao. Basi akaambiwa achemshe juisi na kuijaza ingali moto. Akafanya hivyo, na chupa zake za plastiki nyepesi zikajikunja kwa moto. Akatafuta chupa ngumu zaidi, zenye umbo jingine, na lebo hazikuenea. Zipo uvunguni mpaka leo.

Ukitazama vizuri, hakuna alichokosea isipokuwa mpangilio. Chupa hutegemea namna ya kujaza, na lebo hutegemea chupa. Tena lebo ya chakula inadai tarehe ya mwisho wa matumizi, na huwezi kuijua tarehe hiyo kabla hujaiweka juisi rafuni ukaona inaharibika lini. Yeye alianzia mkiani.

Kampuni kubwa nazo ziliumia hivyo kabla ya kujifunza. Miaka ya 1960 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa ikigawa miradi yake katika awamu, na kila awamu ikakaguliwa kabla ya fedha za awamu inayofuata kutolewa. Lakini ukaguzi wa aina ile ulikuwa wa kihandisi: je, kifaa kinafanya kazi? Swali la nani atakinunua halikuwemo. Mkanada Robert Cooper, aliyekuwa akichunguza kwa nini baadhi ya bidhaa mpya za viwandani hufaulu na nyingine huanguka, ndiye aliyeueneza mfumo wa hatua na milango katika miaka ya 1980. Humo swali la soko linaulizwa tangu siku ya kwanza.

Hatua zenyewe hazina maajabu: kuchungulia soko, kupiga hesabu, kutengeneza, kujaribu, kuzindua. Siri iko kwenye gharama. Kuuliza watu 20 pale Buguruni wanapenda ukwaju wa namna gani ni nauli ya daladala na jua la mchana. Kununua mashine ni mkopo. Kwa hiyo maswali yanayoweza kuliua wazo huulizwa mapema, wakati kosa bado ni la bei ya nauli.

Na kati ya hatua na hatua kuna mlango. Mlangoni hukaa wenye mfuko, nao wana majibu manne: pita, subiri, rudi ukarekebishe, au zika. Mimi naona jibu la nne ndilo linaloupa mfumo mzima maana, na ndilo gumu kuliko yote. Mtu akishatoa fedha, anaona kuacha ni kuzitupa, kumbe zimeshakwenda. Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuunda ndege ya Concorde mwaka 1962. Gharama zikapaa, wanunuzi wakajitoa, kazi ikaendelea. Mwishowe ni ndege 14 tu zilizobeba abiria katika mashirika ya nchi hizo mbili.

“Rudi ukarekebishe” nalo lina mfano wa karibu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, na wateja takribani 500, ilikusudiwa iwarahisishie watu kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Wakubwa wakalisoma hilo, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa. Aprili 2008 ikaingia Tanzania, na leo hata muuza mihogo anakuuliza, “Unalipa kwa simu?”

Kwa mjasiriamali wa Dar, milango mingine imewekwa na serikali. TBS, shirika la viwango la Tanzania, pale Ubungo, hupima sampuli kabla ya kutoa alama ya ubora, na wajasiriamali wadogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho. Wengi huichukulia TBS kama kikwazo cha mwisho, kitu cha kukimbizana nacho mzigo ukiwa tayari. Ingewafaa waulize masharti yake kabla ya kununua hata chupa moja.

Si kila kazi inahitaji milango mingi. Anayetengeneza programu ya simu anaweza kuitoa nusu nusu na kuirekebisha kila wiki, maana hana uvungu uliojaa lebo. Na kuna ofisi ambako mlango umegeuka fomu za kujaza, zinapigwa mhuri na hakuna wazo linalokataliwa kamwe.

Jirani yangu sasa ana chupa 12 rafuni, zimeandikwa tarehe kwa kalamu. Kila siku ya tatu anafungua moja, ananusa, anaonja, anaandika kwenye daftari. Juzi nilimuuliza lebo mpya atachapisha lini. Akanionyesha chupa saba zilizobaki.