Wasaka mashetani wa Kigoma na Tabora: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kamchape, wasaka wachawi wanaozunguka vijijini, au lambalamba kama wengine wanavyowaita, wakiingia kijijini mambo huenda mbio. Michango inakusanywa kaya kwa kaya, umati unawafuata, sakafu ya nyumba ya mtu inachimbuliwa, na anayechimba anatoka na pembe, hirizi au kibuyu. Jua likizama mwenye nyumba ameshakuwa mchawi. Visa hivi husimuliwa kama riwaya za kutisha, na wengi tunavipokea hivyo, lakini vimebeba dhana ambazo zimeshagharimu nyumba na roho za watu.

Dhana: Kamchape ni mila ya mababu wa huku kwetu.

Mizizi yake iko mbali na Kigoma. Wasaka wachawi walioitwa mchape walitokea Nyasaland, Malawi ya leo, wakaenea Zambia miaka ya 1930. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwakuta kwa Wabemba, watu wa kaskazini mwa Zambia, akaandika habari zao mwaka 1935. Walikuwa vijana waliovaa kizungu. Waliwapanga wanakijiji mstari, wakawatazama kupitia kioo kidogo ili kumtambua mchawi, kisha wakauza dawa ya kinga. Miaka ya 1960 jina la kamchape lilikuwa limeshafika Ufipa, mkoani Rukwa. Ni biashara iliyosafiri, tena na bidhaa zake mkononi.

Dhana: Kilichochimbuliwa ndicho ushahidi.

Richards alifanya jambo ambalo umati haufanyi: alizichunguza pembe ambazo wanakijiji walizisalimisha kwa wasaka wachawi hao. Zilikuwa 135, na wenyeji wenyewe walimsaidia kutambua kila moja ilikuwa ya nini. Zilizotajwa kuwa za uchawi wa kudhuru zilikuwa 11 tu. Nyingine zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida, mali ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote ila walitetemeka kubaki nazo. Pembe ndani ya nyumba ya mzee wa Kasulu au Urambo haisemi zaidi ya kwamba humo ndani palikuwa na pembe. Na hata hilo lina shaka. Nani alimpekua mchimbaji kabla hajaingia?

Dhana: Anayewapinga anakana kwamba mashetani yapo.

Hili ndilo linalowafunga watu midomo, nami naliona zito kuliko yote. Ujiji ni mji wa dini, na Sura ya 72 ya Qurani inaitwa Al-Jinn. Muislamu anaamini majini yapo, na anajikinga kwa kusoma na kwa dua. Mkristo naye akifungua Marko 5 atamkuta Yesu akimtoa pepo mtu aliyekuwa akiishi makaburini. Soma sura nzima: hakuna jirani aliyetajwa kuwa ndiye aliyemtuma pepo yule, wala bibi aliyeburutwa uwanjani. Aliyekuwa akiteseka alipona, basi. Msaka mashetani wa kijijini anaanza na pepo na kuishia kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mjane, ni mzee asiye na mtoto wa karibu, au ana shamba ambalo jamaa zake wanalitaka.

Dhana: Macho mekundu ni alama ya mchawi.

Vikongwe wameuawa Tabora na Shinyanga kwa sababu hiyo. Mama aliyepika kwa kuni maisha yake yote, jikoni pasipo dirisha, atakuwa na macho mekundu. Trakoma, ugonjwa wa vikope unaoambukiza, nao huyafanya hivyo, na una dawa hospitalini.

Dhana: Degedege ni shetani, na sindano itamuua mtoto.

Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini. Vimelea vikifika kwenye ubongo, mtoto hukakamaa, hugeuza macho na kupoteza fahamu. Dawa inayopendekezwa kwa malaria kali ni artesunate, nayo hutolewa kwa sindano hiyohiyo inayoogopwa. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Saa zinazotumika kumtafuta aliyemroga ndizo alizokuwa akizihitaji.

Jinamizi nalo lina maelezo. Usingizini, wakati wa ndoto, ubongo huizuia misuli isijongee. Akili ikiamka kabla ya mwili, unahisi umekaliwa kifuani na huwezi kupiga kelele. Hupita baada ya muda mfupi.

Dhana: Wana kibali, kwa hiyo ni halali.

Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na bado ipo, Sura ya 18. Inamgusa anayejitangaza kuwa na nguvu za uchawi na anayemiliki vifaa vyake, maneno yanayomwelezea vizuri sana yule anayezunguka na vioo na pembe. Usajili wa mganga, chini ya sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, ni wa kutibu, si wa ramli chonganishi. Januari 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wasiosajiliwa. Na kuvunja nyumba ya mtu, kumpiga au kumpora mali ni kosa la jinai hata kama kijiji kizima kilichanga na mwenyekiti akagonga mhuri. Aliyetendewa hivyo ana haki ya kufungua kesi polisi dhidi ya waliochimba na waliowaita.