B37: Maana ya Msimbo wa Fangasi Kwenye Faili la Mgonjwa

Mtu akisema "nina fangasi", anaeleweka nyumbani na duka la dawa. Ila neno hilo limebeba mengi mno: miguuni ni fangasi, mapunye ya mtoto ni fangasi, ukeni ni fangasi. Kwenye faili la hospitali halitoshi.

Hapo ndipo unapohitajika msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, ili daktari, mtakwimu na mlipaji wa bima wasome kitu kimoja. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, mapunye ni B35.0 na fangasi za miguu ni B35.3. Zinazoletwa na kandida, jamii ya hamira, zina fungu lao: B37.

Tarakimu ya baada ya nukta ndiyo yenye uzito. B37.0 ni utando mweupe wa kinywani, B37.2 ni ngozi na kucha, B37.3 ni ukeni. B37.7 ni kandida iliyosambaa kwenye damu, na hiyo huua. B37.9 maana yake mahali hapakutajwa, na mara nyingi hapakutajwa kwa sababu aliyemwona mgonjwa aliandika neno moja akafunga faili. Anayeweka misimbo hana ruhusa ya kukisia.

Marekani wameigawa B37.3 tangu Oktoba 2022: B37.31 ni ya ghafla, B37.32 ni sugu au inayojirudia. Nimeupenda mgawanyo huu, maana unamlazimu daktari kumuuliza mama: hii ni mara ya ngapi?

Kuwashwa na uchafu mweupe mzito ni dalili tu. Trikomona, kimelea kinachoambukizwa kwa ngono, nayo huwasha, na msimbo wake ni A59.0; uvimbe wa ghafla wa uke usiojulikana chanzo huwekwa N76.0. Ute ukitazamwa kwa hadubini, utata hupungua sana.

Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Fangasi. Apewa dawa." La pili: "Kandida ya ukeni, mara ya nne mwaka huu, hamira zimeonekana kwa hadubini, si mjamzito, apimwe sukari." La pili linapata msimbo wake bila kubahatisha, na daktari wa zamu ijayo anajua aanzie wapi.